Daktari, Mke Wangu Ananidanganya?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni dereva wa bajaji hapa Morogoro, nina miaka 31. Wiki tisa zilizopita mke wangu alijifungua kwa upasuaji mtoto wetu wa kwanza, wa kike, mzima kabisa. Alichomwa sindano ya mgongo, ganzi ikashuka miguuni kama kawaida. Ganzi ilipoisha mguu wa kushoto ulirudi, wa kulia haujarudi mpaka leo. Akitembea anauburuta kama gunia, vidole vinachora mstari kwenye vumbi. Ukimgusa anasema anasikia kama amevaa soksi nzito. Tumepelekwa Dar es Salaam, amepigwa MRI ya mgongo na baadaye ya kichwa, tumeambiwa picha safi. Muuguzi mmoja alimwambia mbele yangu, "Dada, acha kudeka, lea mtoto." Mama yangu anasema amechezewa, anataka tumpeleke kwa mtaalamu wake wa kienyeji. Kilichonifanya niandike ni hiki: juzi usiku mtoto alilia, nikamwona mke wangu yuko usingizini amekunja mguu ule ule wa kulia, akageukia upande wa mtoto. Asubuhi nilipomwambia alilia siku nzima, na tangu hapo hatuongei vizuri. Daktari, niambie ukweli. Ananidanganya? Na kama hanidanganyi, ameingiwa na wazimu? Mwenyewe anasema pale kwenye meza ya upasuaji alisikia mtu anasema "presha inashuka" akajua anakufa. Pia kiuno cha upande huo wa kulia kilikuwa kinamsumbua tangu mimba ya miezi saba. Sijui kama hayo yanahusika.

Baba wa mtoto mmoja, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakudanganyi, wala hana wazimu. Msomee mkeo sentensi hiyo kabla hujaendelea kusoma mengine.

Ulichokiona usiku ule ni habari njema kuliko picha zote mbili za MRI. Mguu ambao neva zake zimekatika haujikunji ukamgeuza mtu kitandani. Umeme upo, nyaya zipo, misuli ipo. Tatizo ni kwamba ulimpelekea habari hiyo kama askari anayemwekea mtuhumiwa kidhibiti mezani, na yeye, ambaye wiki tisa anaamka kila asubuhi akijaribu kuunyanyua mguu na haunyanyuki, akasikia kitu kimoja tu: hata mume wangu haniamini. Rudi kwake. Mwambie hivi: "Nimeuona mguu wako ukitembea usiku, na daktari anasema hiyo ndiyo dalili kwamba unaweza kupona."

Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, tena nikiwa na koti jeupe. Mwaka 1996, nikiwa bado kijana kazini, aliletwa kwangu mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa amepasuliwa kidole tumbo. Kidonda cha tumbo kilipona vizuri kabisa, lakini mkono wa kulia, ule uliotundikiwa dripu, ulikuwa umelala. Nilimpima nikaona neva ziko sawa. Nikamwambia, nikidhani namfurahisha, "Mwalimu, huna kitu." Aliutazama ule mkono mapajani, akaniuliza polepole, "Kama sina kitu, mbona siwezi kushika chaki?" Sikuwa na jibu. Niliandika "hakuna ugonjwa" kwenye faili nikamwita mgonjwa mwingine. Alirudi baada ya miezi minane, mkono umejikunja kifuani kama bawa la kuku, kiwiko kimekakamaa, na safari hii ugonjwa wa kuonekana kwa macho ulikuwepo kweli, maana kiungo kisichotumika hukaza. Maneno mawili yangu yalimgharimu miezi minane. Ndiyo maana siwezi kunyamaza nikisikia mtu aliyetoka kupasuliwa anaambiwa anadeka.

Ana ugonjwa, na ugonjwa huo una jina. Madaktari huandika FND kwenye faili, maana yake ni tatizo la utendaji wa mfumo wa fahamu. Ubongo, uti wa mgongo na neva havina jeraha, ila namna vinavyofanya kazi pamoja imevurugika. Zamani uliitwa histeria, jina lililotokana na neno la Kigiriki la mji wa uzazi, kwa kuwa wazee wale waliamini ni ugonjwa wa wanawake wenye tumbo la uzazi lililohama. Huwapata wanawake zaidi, ni kweli, lakini nimewatibu pia askari, mvuvi na padri.

Lazima niseme jambo la kwanza lililofanywa kwake lilikuwa sahihi: kupigwa picha. Mguu usiorudi baada ya sindano ya mgongo si jambo la kusubiri. Damu inaweza kuvuja ikaganda karibu na uti wa mgongo ikaubana, au usaha ukajaa pale, na hapo zinazohesabika ni saa tu. Wakati mwingine neva hubanwa kwa namna mama alivyolazwa, au kichwa cha mtoto kinapobana nyonga kwa muda mrefu, na vidole vya mguu vikaanguka kwa sababu ya kweli kabisa ya kimwili. Kwa hiyo msomaji mwingine asichukue barua hii akajitibu nayo. Aliyepasuliwa halafu akashindwa kukojoa au mkojo ukamtoka bila kujua, aliyekufa ganzi sehemu zinazokalia kiti, mwenye maumivu ya mgongo yanayozidi pamoja na homa, mwenye udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwenda juu, aliyepinda mdomo au ulimi ukawa mzito, huyo apelekwe hospitali usiku huo huo. Mama aliyejifungua akianza kuumwa kichwa sana, kuona ukungu au kutupa mikono na miguu, mfikirie kifafa cha mimba, ambacho kinaweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa.

Lakini picha safi peke yake haitoshi kusema ni FND, na hapa ndipo wengi wetu tunateleza. Tunasema "hatukuona kitu, basi ni mawazo." Hapana. Ugonjwa huu una dalili zake zinazopimwa kitandani kwa mikono mitupu. Mojawapo iliandikwa mwaka 1908 na daktari wa Cleveland, Marekani, Charles Franklin Hoover, na mpaka leo naitumia karibu kila wiki. Nitakueleza ninavyofanya, ili mkienda kwa daktari mumwombe ampime hivyo.

Mgonjwa analala chali. Naweka kiganja changu chini ya kisigino cha mguu mgonjwa, namwambia, "Mama, gandamiza mkono wangu chini." Anajitahidi, uso unakunjamana, jasho linatoka kwenye mdomo wa juu, na kwenye kiganja changu sisikii kitu. Nasema, "Sawa, uache huo. Sasa ninyanyulie mguu ule mzima, usiniache nikushinde," nami naubana kwa mkono mwingine. Anapousukuma mguu mzima juu kwa nguvu, kile kisigino kilichokuwa maiti kinashuka ghafla na kunigandamiza kiganja kwenye godoro. Yeye hajui. Mwili wowote ukinyanyua mguu mmoja hujiegemeza kwa mwingine, hauombi ruhusa.

Zamani madaktari walikitumia kipimo hiki kumnasa mgonjwa. Mimi nakitumia kumwonyesha. Namwambia aweke kiganja chake mwenyewe pale chini ya paja tunaporudia, asikie misuli inavyokaza. Wengine hunyamaza muda mrefu. Dada mmoja aliyekuwa ameondolewa uvimbe kwenye kizazi aliniambia, "Kumbe bado upo." Alikuwa anauzungumzia mguu wake kama ndugu aliyepotelea mjini.

Sasa utauliza: kama nguvu ipo, kwa nini asiitumie? Mchukue mama anayebeba ndoo ya maji kichwani bila kushika. Anatembea, anapiga soga, anaruka mfereji. Mwambie sasa, "Angalia shingo yako usimwage hata tone." Hatua ya tatu maji yanammwagikia. Kuna kazi ambazo ubongo unaziendesha vizuri pale tu ambapo hatuzisimamii. Mkeo alilala akiwa hana miguu, maana dawa ya ganzi inakata habari zote za kwenda na kurudi. Ubongo ukaandika: miguu hakuna. Kwa kawaida ganzi inapoyeyuka, baada ya saa chache, maandishi hayo yanafutika yenyewe. Lakini yeye saa hiyo alisikia presha inashuka, akajua anakufa na kumwacha mtoto. Hofu ya namna hiyo inang'ang'aniza macho ya ndani mahali pamoja. Upande wa kulia tayari ulikuwa na kiuno kinachouma tangu mimba ya miezi saba, ubongo ulikwishazoea kuuchunga upande huo. Ganzi ikaondoka, maandishi yakabaki. Kila anapojaribu kuunyanyua anasoma kwanza yale maandishi.

Si hadithi ya kumliwaza. Picha za ubongo ukiwa kazini zimeonyesha kwa wagonjwa wa namna hii kwamba sehemu inayoshughulika na hofu imeungana kupita kiasi na sehemu zinazoandaa mwendo wa viungo, na kwamba sehemu inayotupa hisia ya "ni mimi ninayefanya hivi" haifanyi kazi kama kawaida. Ndiyo sababu mguu ukitikisika wenyewe anauona kama wa mtu mwingine.

Kuhusu maneno "presha inashuka", ninakuomba tahadhari. Usimkalishe umhoji kana kwamba ukipata mkasa mmoja basi mguu utafunguka. Inawezekana hofu ile ndiyo mzizi, inawezekana ni moja ya mizizi mitatu, inawezekana kiuno kilichangia zaidi. Kuna watu wanaopata hali hii baada ya kuteguka kifundo tu, bila msiba wowote maishani. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani hautaki tena daktari athibitishe kwanza kisa cha kisaikolojia ndipo auite ugonjwa huu jina lake. Unatambuliwa kwa dalili zake mwilini. Hofu tunaitibu kwa sababu inamuumiza, hata kama mguu ungekuwa mzima.

Mimi ni mtu wa Kagera, na nilipokuwa mtoto nilisimuliwa ya Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia wasiweze kujizuia. Kabla ya shule kufungwa mwezi Machi walikuwa wamepatwa wasichana 95 kati ya 159, na hali ikasambaa hadi kijiji cha Nshamba. Damu zilipimwa, sumu ikatafutwa, hakikupatikana kitu. Waliosimulia hawakusema hata siku moja kwamba watoto wale walikuwa wanaigiza. Walisema walikuwa wanateseka, na mbavu zinawauma. Wazee wangu wasio na vyeti walilielewa hilo kuliko nilivyolielewa mimi mbele ya yule mwalimu.

Ya kufanya sasa.

Tafuta mtaalamu wa fiziotherapia, na umweleze kabisa kwamba si kiharusi, maana mazoezi yake ni tofauti. Kwa kiharusi tunamwambia mgonjwa autazame mguu na kuufikiria. Kwa mkeo tunafanya kinyume: tunauficha mguu usitazamwe. Atembee kinyumenyume. Atembee kimshazari kama kaa. Ateleze nyayo sakafuni kama anayefuta maji na tambara. Aimbe akitembea, mpigie hata kaswida au kwaya kwenye simu, afuate mapigo. Ambebe mtoto na kumwongelesha, wewe ukiwa ubavuni tayari kumdaka. Hatua nne zikitoka vizuri, msimpigie makofi kwa kelele mkairudisha akili mguuni. Endeleeni na maongezi.

Mkongojo autumie pale tu anapoweza kuanguka, na kiti cha magurudumu msikinunue. Nimeona watu waliokaa kwenye kiti wakisubiri nguvu irudi kwanza, na haikurudi kwa sababu hawakusimama.

Zile sindano nyekundu za vitamini B ambazo kila duka la dawa litataka kumchoma "kuamsha neva", weka hela yako mfukoni. Kama kipimo hakijaonyesha upungufu, hazitaugusa ugonjwa huu, na kila sindano inamfundisha ubongo wake kwamba neva zimekufa.

Mwangalie na usingizi wake. Wiki tisa baada ya kujifungua, mama anayelia siku nzima, asiyelala hata mtoto akilala, anayesema afadhali angekufa mezani, huyo anaweza kuwa na sonona ya uzazi juu ya hilo la mguu, au kiwewe cha upasuaji kinachomrudisha chumba kile kila akifumba macho. Vyote viwili vinatibika, kwa mazungumzo na mshauri wa saikolojia na wakati mwingine kwa dawa zinazoruhusiwa akinyonyesha. Akitaja kufa au kumdhuru mtoto, usimwache peke yake hata dakika moja, mpeleke siku hiyo.

Mama yako usimtukane. Anachoona ni mguu uliokufa na madaktari wanaosema hakuna kitu, na katika nafasi hiyo iliyo tupu ametia maelezo aliyorithi. Mpe maelezo mengine: "Mama, ugonjwa umejulikana, una jina, unapimwa hivi." Mwonyeshe kile kipimo cha kisigino kama mkeo ataridhia. Dua na maombi, afanye kwa moyo wote. Ninachokataa ni chale, kufukizwa, kulazwa njaa, na mtu yeyote atakayemtajia mkeo jirani aliyemroga, kwa sababu hapo mtakuwa mmemwongezea hofu nyingine.

Na kama sisi madaktari tumekosea? Swali hilo mkeo analo hata kama hajalisema. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa kutoka Edinburgh walikusanya tafiti za miongo kadhaa, wakaona kwamba tangu miaka ya 1970, wagonjwa walioambiwa wana hali hii na baadaye wakakutwa na ugonjwa mwingine ni kama 4 kati ya 100. Ni wachache, lakini wapo. Kwa hiyo arudi kliniki apimwe upya kila baada ya miezi kadhaa, na dalili yoyote mpya isemwe. Sitakuahidi tarehe ya kupona. Wapo waliotembea vizuri wiki ile ile walipoelezwa, wapo niliokaa nao mwaka mzima, na wapo waliobaki na kilema. Wanaoamini maelezo na kuanza mazoezi mapema ndio niliowaona wakienda mbali zaidi.

Yule mwalimu, baada ya mazoezi ya miezi mingi, alirudi darasani. Kiwiko hakinyooki sawasawa mpaka leo. Anaandikia ubao wa chini.

SWALI: Assalaam alaykum Daktari. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Mombasa, miaka 44. Mwezi wa pili nilifanyiwa upasuaji wa goita, wakaitoa tezi yote. Tangu hapo midomo inachonyota kama nimegusa pilipili, vidole vyafa ganzi, na mara tatu mikono imekaza, vidole vikajikusanya nikashindwa kushika mkasi. Nimeambiwa ni wasiwasi, nikapewa dawa ya usingizi. Nilisoma ulivyoeleza toleo lililopita jinsi msongo wa mawazo unavyoleta ganzi, nikajua ndiyo mimi. Nifanye mazoezi gani ya kutuliza akili?

Mama Cherehani, Mombasa

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu. Nilikupigia simu siku barua yako ilipofika, kwa sababu haikuwa ya kungoja gazeti litoke. Naichapisha kwa ajili ya wengine wenye kovu shingoni, na kwa sababu yale niliyoyaandika toleo lililopita ndiyo yaliyokupotosha.

Usifanye zoezi lolote la akili kwanza. Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne vidogo, kila kimoja kama punje ya choroko, vinavyotunza kiwango cha kalisiamu katika damu. Tezi kubwa inapotolewa, vitezi hivi vinaweza kuchubuka, kukosa damu, au kutoka nayo. Kalisiamu ikishuka, neva zinakuwa kama kengele mbovu inayolia bila kuguswa: midomo inachonyota, vidole ganzi, kisha mkono unakaza na vidole kukusanyika kwenye ncha, kidole gumba kikiwa ndani. Ulivyoueleza mkono wako ndivyo unavyochorwa kwenye vitabu tunavyosomea. Ikizidi hapo koo linaweza kukaza, mtu akapata degedege, au moyo ukaenda mrama.

Ni kweli mtu mwenye hofu akihema harakaharaka anaweza kupata ganzi ya midomo na mikono kukaza vilevile, ndiyo maana waliokuona walichanganya. Lakini kwa mtu aliyetolewa tezi, damu hupimwa kwanza, hofu baadaye. Dawa ya usingizi imekunyamazisha tu.

Maziwa na dagaa havitoshi kwa hali hii. Ikithibitika, utapewa vidonge vya kalisiamu pamoja na vitamini D ya aina maalumu, kwa kipimo cha daktari, na ukiwa na mikazo utatundikiwa mshipani hospitalini. Ukifika mapokezi usianze na habari ya wasiwasi wala kukosa usingizi. Onyesha kovu, useme: "Nilitolewa tezi yote ya shingo mwezi wa pili, midomo inachonyota na mikono inakaza, naomba kalisiamu na magnesiamu zipimwe leo." Wakikuambia urudi wiki ijayo, kaa hapo hapo kwenye benchi umwombe daktari wa zamu.